Kilomita 900 za Theluji Kwenda Kuomba Radhi

Alhamdulillah, Januari iliyopita Mwenyezi Mungu alinijaalia safari ambayo sikuwahi kuiwaza nilipokuwa chuoni nikisoma mlango wa sala ya msafiri. Nilialikwa Columbus, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, kuhudhuria ndoa katika nyumba ya binamu yangu. Harusi ilipokwisha nilimwambia binamu kuwa imenibakia haja moja: kumzuru sahibu yangu wa chuoni anayeishi Cedar Rapids, katika jimbo la Iowa. Haja hiyo haikuwa ya matembezi. Nilikuwa na dhima kwake.

Miaka miwili kabla ya hapo mama yake alifariki mtaani kwetu. Nikiwa katibu wa kamati ya msikiti, mimi ndiye niliyeliandika jina la marehemu daftarini na kushughulikia sanda na kaburi. Mwanawe hakuja. Katika kikao kilichofuata nilisema mbele ya wazee kwamba kijana yule ameiuza radhi ya mama yake kwa dola. Maneno hayakai; yalimfikia. Tangu hapo hakupokea simu yangu. Safari hii nilimpelekea ujumbe kwamba nakuja, naye akajibu neno moja: "Karibu."

Binamu ana gari-nyumba. Ni gari lenye ukubwa wa Coaster, lakini mahali pa viti pana vitanda, meza, jiko la gesi na choo. Wenyeji hulitumia zaidi wakati wa joto. Majira ya baridi huondoa maji yote mabombani na kutia dawa isiyoganda, kwani maji yakiganda hutanuka na kupasua bomba. Kwa hiyo tulikuwa na nyumba isiyo na maji ya bomba. Tulipakia madumu, tukayapanga karibu na hita ili yasigeuke mawe.

Tuliondoka baada ya Alfajiri, tukapita Indianapolis na kukata jimbo la Illinois kuelekea kaskazini-magharibi. Pande zote ni mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, theluji imefunika ardhi, mabua yamechomoza kama ndevu za mzee. Adhuhuri na Alasiri tulizikusanya na kuzifupisha pembeni mwa gari, ndani ya eneo la kupumzikia madereva. Mchana wa huko ni mfupi. Inapokaribia saa kumi na moja jioni jua limeshazama.

Usiku tuliegesha katika kituo cha malori. Kipimo kilionesha nyuzi 20 chini ya sifuri. Nilitaka kuwasha jiko ili tuote moto, binamu akanizuia kwa ukali: moshi wake usioonekana huua watu usingizini. Tulijifunika mablanketi matatu matatu. Alfajiri nilitawadha kwa maji ya dumu, nikapaka juu ya khofu za ngozi nilizozivaa nikiwa na udhu, ruhusa ambayo msafiri anayo kwa siku tatu na nyusiku zake. Nilimkumbuka Amr bin Al-As, radhi za Allah ziwe juu yake, aliyetayamamu katika usiku wa baridi kali kwa kuchelea nafsi yake, na Mtume (s.a.w.) hakumlaumu. Swahaba yule aliulizwa kwanza, akaeleza sababu yake. Mimi sahibu yangu sikumwuliza.

Mto Mississippi tuliukuta umefunikwa na vipande vya barafu. Tukavuka kuingia Iowa, na kabla ya Adhuhuri tukawa Cedar Rapids, mji wa viwanda vya nafaka, ambao hewa yake ina harufu ya uji.

Alitufungulia mlango akiwa amevaa kanzu ya zamani za chuoni. Amekonda.

"Umekuja na daftari lako, katibu?" aliuliza.

"Nimekuja kuomba radhi."

Alinyamaza, akatumiminia chai. Kisha akasema kwamba karatasi zake za ukaazi hazijakamilika. Akitoka nchini humo hataruhusiwa kurudi. Alimweleza mama yake hayo alipoanza kuugua. "Mama akaniambia, usije mwanangu. Ukija, dawa zangu atanunua nani? Siku ya mazishi nilikuwa zamu ya usiku kiwandani. Nilisikiliza kisomo kwenye simu, nimesimama chumba cha kubadilishia nguo. Asubuhi yake nikaletewa maneno yako."

Sikuwa na hoja. Nilimwomba anisamehe, nikamwahidi kwamba niliyoyasema kikaoni nitayakanusha kikaoni. Alinitazama muda mrefu, kisha akasema, "Kakanushe kwanza. Mimi nimesamehe, lakini mama amesemwa kuwa alizaa mtoto mbaya."

Jioni alitupeleka kuuona msikiti mdogo wa mbao katikati ya nyumba za watu. Ulijengwa mwaka 1934 na wahamiaji kutoka Syria na Lebanon, na wenyeji huuita Msikiti Mama wa Amerika, kwani miongoni mwa majengo yaliyojengwa mahsusi kuwa misikiti nchini humo, huo ndio mkongwe zaidi uliosimama hadi leo. Jumuiya ilipokua, ilihamia jengo kubwa na huu ukauzwa. Ulitumika kwa mambo mengine hadi Waislamu walipoununua tena mwaka 1990 na kuutengeneza. Tulisali Magharibi bega kwa bega, kama tulivyozoea chuoni, na nilimwomba yeye awe imamu.

Ndugu msomaji, niliporejea nilisimama katika kikao cha kamati, mbele ya wazee walewale, nikayafuta maneno yangu, nayo yameandikwa katika kumbukumbu za kikao. Katika familia zetu wengi wana mtoto au ndugu aliye mbali ambaye hakuonekana msibani. Kabla hatujamhukumu, tumwulize. Simu ni nyepesi kuliko kilomita 900 za theluji. Mwenyezi Mungu amrehemu mama yule, na amjaalie mwanawe kulizuru kaburi lake. Amin.