Kipumulio cha njano si changu

Majaribio yamepita, tunasubiri matokeo tu. Leo naomba tuongelee kuzamia, maana Jumamosi tunaingia baharini nje ya Dar, mita 20 kwenda chini. Najua mtacheka: mtoto wa Same, kwetu ambako maji yenyewe ni ya zamu, kapata wapi habari za bahari? Chekeni tu.

Jana jioni tumefunga vifaa. Mzamiaji anavuta hewa kwa kipumulio kimoja, lakini anabeba viwili. Cha pili mpira wake huwa wa njano, na ni mrefu zaidi, kama mita moja hivi. Mimi nilidhani ni spea yangu, kama tairi ya gari. Kumbe sivyo bwana. Kile ni cha mwenzako hewa ikimwishia.

Ukishajua hilo, kila kitu kinafungwa kwa kumfikiria yeye. Kwenye kile kichwa kinachokaa juu ya mtungi kuna matundu ya presha kubwa na ya presha ndogo. Geji inakaa kwenye presha kubwa. Mpira wa njano unakaa kwenye ndogo. Unauzungusha kwa mkono mpaka ugote, halafu spana kidogo tu, kwa sababu kinachozuia hewa ni oringi, siyo nguvu zako. Mpira unapita ubavu wa kulia. Kipumulio unakibana kifuani, kati ya kidevu na mbavu, mahali ambapo mtu mwenye hofu atakiona na kukichomoa kwa mvuto mmoja. Kikiachwa kining'inie kinaburuta mchangani. Kikichomekwa mfukoni, mwenzako atakitafuta mpaka lini?

Halafu unafungua mtungi na kuvuta hewa kwenye vyote viwili huku unaangalia geji. Mshale ukichezacheza kila unapovuta, koki haijafunguka vizuri.

Sasa hesabu. Mtungi wa lita 12 ukibaki na presha ya 50 una lita 600 za hewa. Mtu anayetumia lita 20 kwa dakika huku juu, kwenye mita 20 anatumia 60, maana presha kule ni mara tatu. Peke yako una dakika 10. Mkiwa wawili, 5. Kupanda taratibu, mita 9 kwa dakika, kunachukua zaidi ya dakika mbili, na kusimama kwenye mita 5 dakika tatu nyingine. Mkitulia inatosha, kwa sababu kadiri mnavyopanda matumizi yanapungua. Mkihema mara mbili kwa woga, haitoshi. Yaani zile sekunde za kutafuta kipumulio ndizo zinazoleta woga wenyewe.

Mama alinipigia simu akauliza, "Mwanangu, hewa ikikuishia huko chini unamwomba nani?" Nikamwambia mama, namwomba Mpemba. Kweli kabisa, mwenzangu ni Mpemba wa chumba cha jirani, na tangu jana ananitania: "Wewe Mpare na ubahili wenu, hewa utaitoa kweli?"

Nikamjibu aje Upareni aone ndiva. Ni bwawa dogo la kienyeji mlimani. Maji yanakusanywa usiku, asubuhi yanafunguliwa kwenda mashambani kwa zamu. Anayeziba mfereji usiku mara nyingi maji yale si yake, ni ya mwenye zamu ya kesho. Na anaziba vizuri, kwa sababu zamu yake nayo itamkuta mikononi mwa mwingine.

Kwa hiyo tumekaguana: mimi nimevuta kipumulio cha kifuani kwake macho nimefumba, yeye changu. Mara kumi kumi. Wanaokwenda Jumamosi, fanyeni hivyo na wenzenu kabla hamjapanda boti. Wengine tuombeeni bahari shwari.

Kwa leo naishia hapa.