Tanga ya Viwanda, Tanga ya Gati

Mwaka 1969, Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano ulichagua miji tisa ya kukuzwa ili viwanda visirundikane Dar es Salaam. Tanga ilikuwamo, pamoja na Arusha, Moshi, Mwanza, Mtwara, Mbeya, Morogoro, Dodoma na Tabora. Sisi watoto wa Ngamiani hatukuwa na habari na mpango wowote. Tulichokijua ni ving'ora. Kikilia cha zamu, barabara zinafurika baiskeli, na mama muuza mihogo anaanza kupakua kabla hajamwona mteja.

Kiwanda cha mbolea kilianza kazi 1972. Kulikuwa na cha chuma, vya sabuni na mbao, na mwaka 1980 saruji ikaanza kutoka Pongwe. Mwisho wa mwezi ungeujua hata kama huna kalenda: duka la Mwarabu wa mtaani kwetu lilijaa watu wanaofuta madeni kwenye daftari, na mafundi cherehani walikesha. Mshahara wa mtu mmoja ulipita mikono mingi kabla haujaisha, na mikono yote ilikuwa ya palepale mjini.

Baba alikuwa karani wa kuhesabu shehena bandarini. Meli kubwa hazikufunga gatini enzi hizo kwa sababu maji yalikuwa mafupi, kina cha mita tatu hivi. Zilitia nanga mbali, na mzigo ukafuatwa au ukapelekwa kwa matishari yaliyovutwa na boti. Robota la mkonge lilishushwa kwenye behewa, likapandishwa tishari, likafikishwa ubavuni mwa meli, kisha likanyanyuliwa tena kwa winchi. Baba alilihesabu gatini, mwenzake akalihesabu melini, na hesabu zikipishana hawakurudi nyumbani mapema. Kila aliyeligusa robota lile alilipwa. Ilikuwa bandari ya gharama, na gharama hiyo ndiyo iliyosomesha nusu ya watoto wa mtaa wetu.

Mambo hayakuharibika kwa siku moja. Mkonge ndio uliotangulia. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 230,000, na sehemu kubwa ilitoka mkoani kwetu. Nailoni ikaingia sokoni, bei ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa baada ya Azimio la Arusha, na mwishoni mwa miaka ya 1990 mavuno ya mwaka hayakufika hata tani 40,000. Viwanda navyo vilikuwa na kasoro ya kuzaliwa nayo: kile cha mbolea kilitegemea malighafi kutoka nje, kwa hiyo fedha za kigeni zilipoadimika, mitambo ikawa inasubiri meli. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kikafungwa.

Serikali ya mji nayo ilikuwa imedhoofika. Sera ya Madaraka Mikoani ya 1972 ilifuta mabaraza ya miji, na sheria ya kuyarudisha ilikuja 1978. Kwa miaka hiyo yote mitaro na taka zilikuwa mikononi mwa watu ambao kazi yao hasa ilikuwa kilimo na vijiji. Harufu ya mitaro ya Ngamiani ya wakati ule naikumbuka hadi leo.

Kisha likaja wimbi la barua za kupunguzwa kazi. Baba mdogo aliipata yake katika kiwanda kimoja cha mjini, akaahidiwa kiinua mgongo, akakifuatilia mpaka viatu vikaisha soli. Ving'ora vilinyamaza kimoja kimoja. Baiskeli zilibaki, ila sasa zilibeba mkaa, samaki na abiria.

Tanga ilipandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2005, wakati viwanda vingi vimeshafungwa. Kuanzia 2010 mradi wa kuendeleza miji, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ulituletea lami na taa mitaani, na kusema kweli mji ukapendeza. Agosti 2017 marais Magufuli na Museveni waliweka jiwe la msingi Chongoleani, mwisho wa bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima. Mwaka 2019 kazi ya kuchimba bandari ikaanza, na leo kina gatini ni mita 13. Meli inafunga, mzigo unashuka mara moja, lori linaondoka. Baba angefurahi kwamba hakuna tena hesabu mbili za kupishana. Angeuliza pia makuli wako wapi.

Mpwa wangu alipata kibarua cha mkataba katika miradi hiyo. Mkataba ulipoisha alinunua bodaboda. Hana manung'uniko, lakini hajui mwezi ujao ataingiza kiasi gani, na mwenye duka hawezi kumfungulia daftari.

Sera ya 1969 ilitupa viwanda bila kuangalia sana mkoa unazalisha nini. Sera ya sasa inatupa mlango mzuri wa kupitishia mali za wengine. Katikati ya hizo mbili kuna Muheza, ambako machungwa yanapakiwa mabichi kwenye malori, mengine yakivuka mpaka kwenda Kenya, na kuna mashamba ya mkonge ambao bado husafirishwa zaidi ukiwa singa kuliko kamba au zulia. Mkutano wa wawekezaji ukiitishwa, hotuba hutaja tani za shehena. Ningependa takwimu ya pili itajwe pamoja nayo: wakazi wangapi wa Tanga wanalipwa mshahara kila mwisho wa mwezi kwa kazi ya kusindika kilicholimwa mkoani. Diwani atakayekuja kuniomba kura nitamuuliza hiyo kwanza, habari za lami baadaye.