Kitanda cha Ugenini na Mgongo wa Msafiri

Waswahili wana methali isemayo: Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wengi huitumia kwa mambo ya ndoa, kazi na ujirani, lakini ni kweli pia kwa maana yake ya wazi. Mtu akisafiri huuliza nauli, saa ya kuondoka gari na hali ya njia, wala haulizi habari za kitanda atakachokilalia. Usiku ukiingia hujitupa juu yake kwa uchovu, na alfajiri akitaka kuinuka huona kiuno kimekaza kama ubao. Kwa mkulima jambo hili si dogo, maana mgongo ndio jembe lake la kwanza. Kwa karani pia si dogo, kwa kuwa kiti cha ofisi hakimhurumii mtu aliyeamka na maumivu. Habari za safari moja, kutoka Muhoroni hata Lamu, zaonyesha jinsi vitanda vya ugenini vinavyotofautiana, na jinsi msafiri awezavyo kuulinda mgongo wake.

Msafiri huyo alikuwa mkulima wa miwa, mtu wa makamo aliyepita miaka hamsini. Mwanawe ni mwalimu kisiwani Lamu, na huko alizaliwa mjukuu wake wa kwanza. Mzee alitaka kumwona mtoto na kumpakata, kisha arudi kabla magugu hayajashinda miwa. Alifunga mzigo mmoja mzito wa njugu na unga wa wimbi, akaubeba kwa mkono mmoja, akashika njia. Kupanda kutoka bonde la miwa hata mashamba ya chai ya Kericho, na kutoka huko hata Mau Summit, ni safari ya kupendeza macho, ila ina baridi kali. Basi liliharibika mlimani, na abiria wakafika Nakuru usiku wa manane, hali wamekaa vitini saa nyingi bila kunyosha miguu.

Mzee aliingia katika nyumba ya wageni iliyo karibu na kituo cha mabasi. Kitanda kilikuwa cha chuma, na springi zake zimechoka. Alipolala, katikati palibonyea kama tumbo la mtumbwi. Kichwa na miguu vikawa juu, kiuno chini. Hakuwa na nguvu za kutafuta mahali pengine, akalala hivyo hivyo. Kulipokucha aliruka kitandani upesi asije akaachwa na gari, akainama kuuokota mzigo wake. Papo hapo maumivu yakamshika kiunoni, asiweze hata kufunga kamba za viatu. Aliketi ukingoni mwa kitanda kwa muda mrefu akiwaza kama arudi nyumbani. Mtu asiyeweza kuinama hawezi kupalilia, na mtu asiyeweza kujiinua mwenyewe hawezi kumwinua mtoto.

Makosa hapo yalikuwa matatu, wala si kitanda peke yake. La kwanza ni kukaa kitako muda mrefu, ambako huikaza misuli ya kiuno na ya mapaja hata kabla ya usiku kuingia. La pili ni kile kitanda. Sehemu nzito ya mwili wa mtu ni kiuno na nyonga. Kitanda kikibonyea, sehemu hiyo huzama, na uti wa mgongo ukapinda usiku kucha. La tatu ni kule kuinama kwa haraka mara baada ya kuamka. Baina ya pingili za uti wa mgongo mna visahani laini ambavyo mtu alalapo hunywa maji na kujaa. Ndiyo sababu kila mtu asubuhi ni mrefu kuliko jioni, kwa kadiri ya sentimita moja au zaidi. Visahani vikiwa vimejaa hivyo, mgongo ni mkavu na kuinama huubana sana. Kwa hiyo yafaa mtu angoje kiasi cha saa moja tangu kuamka kabla ya kuinama sana au kuinua mzigo.

Mzee hakurudi. Alisaidiwa kupanda gari, akashuka Bonde la Ufa na kupanda tena hata Nairobi, mpaka mtaa wa Umoja anapokaa mwana wa nduguye. Kijana alikuwa amemtandikia kochi la sebuleni, kama ilivyo desturi katika nyumba za mjini zenye vyumba vichache. Lakini mkewe ni muuguzi, naye alipomwona mgeni akitembea amejishika kiuno alisema, “Baba, kochi hili ni la kukalia. Ukilijikunja humo usiku kucha, kesho hutaamka.” Akatandika mkeka sakafuni, na juu yake godoro la sponji lililo imara, kisha akamwuliza maswali. Je, alikuwa ameanguka? Miguu ina ganzi? Anaweza kuuzuia mkojo? Ana homa? Mzee alipojibu kwamba hana lolote katika hayo, muuguzi alimwambia asiogope, kwani maumivu ya kiuno ya namna hiyo kwa watu wengi hupungua sana katika siku au majuma machache.

Mzee alidhani sasa ataambiwa alale siku tatu. Hilo ndilo kosa la wengi. Zamani hata madaktari walimwamuru mwenye kuumwa mgongo alale kitandani, lakini siku hizi imejulikana kwamba kulala sana hudhoofisha misuli na kuchelewesha kupona. Muuguzi alimtaka atembee polepole uani mara kwa mara, na kila atembeapo azidishe kidogo. Usiku alimpa chupa ya maji ya moto iliyoviringwa taulo, aiweke kiunoni kwa dakika 15 au 20. Tena alimwonyesha namna ya kulala. Alalaye chali na aweke mto chini ya magoti, kiuno kipate kupumzika. Alalaye ubavu na akunje magoti kidogo, aweke mto baina yake, ili nyonga ya juu isiuvute mgongo. Kulala kifudifudi hakufai, maana hupinda kiuno na kuzungusha shingo. Asiyeweza kuacha na aweke kitambaa kilichokunjwa chini ya tumbo. Hata kuinuka kuna adabu yake: mtu ageuke kwanza kwa ubavu, ateremshe miguu, kisha ajisukume kwa mikono mpaka aketi. Ni kazi ya nukta chache tu, lakini yaweza kuokoa siku nzima.

Baada ya siku mbili mzee aliweza kuendelea. Wasafiri wa zamani wangali wakiikumbuka gari moshi ya usiku ya kwenda Mombasa, iliyokuwa na vitanda vya kukunjua ukutani. Ilipita katika reli ile iliyojengwa tangu mwaka 1896 na kufika ukingoni mwa ziwa, mahali panapoitwa Kisumu, mwaka 1901. Reli mpya ilipofunguliwa mwaka 2017 safari ikawa fupi, na abiria sasa huketi. Mzee alikunja sweta yake akaiweka nyuma ya kiuno, penye pango la mgongo, na kila baada ya kitambo alisimama, akatembea baina ya viti, akitazama nyika za Tsavo dirishani. Mzigo wake ulikuwa umegawanywa mifuko miwili yenye uzito sawa, mmoja kwa kila mkono. Aliposhuka Mombasa alishangaa kuona kiuno hakikuzidi kuuma.

Mjini Mombasa, mtaa wa Majengo, alipokewa na rafiki aliyefanya kazi naye zamani. Rafiki huyo aliposikia habari za mgongo alifurahi kuwa na dawa. “Kitanda cha mbao tupu, mzee mwenzangu! Hapo mgongo hunyooka wenyewe.” Wengi huamini hivyo, nao hukosea. Mwaka 2003 jarida la madaktari liitwalo Lancet lilitangaza uchunguzi uliofanywa Hispania kwa watu wazima 313 wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu. Wengine walipewa magodoro magumu, wengine magodoro ya ugumu wa kadiri. Baada ya siku 90, wale wa ugumu wa kadiri ndio waliopata nafuu zaidi. Sababu yake si vigumu kuifahamu: ubao haulipi nafasi bega wala nyonga, na kiuno huning’inia bila kitu cha kukishika. Usiku ule mzee alilala juu ya ubao na godoro jembamba, akaamka saa nane bega likimwuma. Aliomba blanketi mbili, akazikunja na kuzitandika chini ya shuka, akaviringa leso na kuiweka penye pango la kiuno. Akalala hata asubuhi.

Kutoka Mombasa basi hupita Malindi na Garsen, kwenye mto Tana, hata gati la Mokowe. Hapo msafiri huingia chomboni na kuvuka mpaka kisiwani. Lamu ni mji wa nyumba za mawe na vichochoro vyembamba ambamo punda ndiye mchukuzi, na tangu mwaka 2001 mji wake wa kale umo katika orodha ya urithi wa dunia. Mwalimu alikuwa amepanga chumba katika nyumba ya mzee mmoja wa mji, na mgeni akapewa kitanda cha heshima, kitanda cha kamba chenye matendegu yaliyochongwa na godoro la sufi. Kilikuwa kizuri kwa kukitazama. Lakini kamba zilikuwa zimelegea kwa miaka, na mzee alipokikalia aliona ule mtumbwi wa Nakuru umerudi.

Hapa ndipo penye shida kubwa ya mgeni. Katika nyumba ya wageni mtu amelipa fedha, aweza kudai chumba kingine. Katika nyumba ya watu, kukitia kitanda dosari ni kama kukitia chakula dosari. Wengi hunyamaza kwa haya, wakaumia. Mzee hakukilaumu kitanda. Alisema habari za mgongo wake. “Mzee mwenzangu, kiuno changu kimepata ajali njiani. Naomba ruhusa niteremshe godoro chini.” Mwenye nyumba hakukubali mgeni wake alale chini. Aliwaita vijana wawili, wakaondoa godoro, na mbele ya macho ya mgeni wakaanza kuzivuta kamba, moja baada ya moja kutoka mchagoni hata miguuni, mpaka kitanda kikalia kama ngoma. Alisema kwamba kitanda cha kamba kina dawa yake ndani yake. Tatizo ni watu wa siku hizi kusahau kukikaza. Methali yasema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kabla ya siku ile kwisha vitanda vyote vya nyumba vilikuwa vimekazwa.

Palipo kitanda kisichoweza kukazwa, godoro literemshwe sakafuni, lakini msafiri asisahau chandarua. Katika nchi ya pwani, na vile vile kandokando ya ziwa, malaria haijaondoka. Chandarua kishushwe mpaka kifike chini, na pindo zake zikunjwe chini ya godoro pande zote. Haifai kuuponya mgongo kwa kujitafutia homa.

Shirika la Afya la Dunia lasema kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani waliumwa kiuno. Kwa hiyo mwenye maumivu hayo asijione amelogwa, wala asikimbilie kukandwa kwa nguvu na kila anayejiita fundi wa mifupa. Walakini ziko dalili ambazo hazingoji kitanda wala chupa ya maji ya moto. Mtu akishindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, au akipata ganzi katikati ya mapaja, au miguu ikiishiwa nguvu, apelekwe hospitali siku ile ile. Vivyo hivyo yule aliyeanza kuumwa baada ya kuanguka au kupata ajali ya gari. Na yule ambaye maumivu yake yana homa, au kukonda, au hayampi nafuu hata akilala, asikawie kumwona mganga wa hospitali, maana kifua kikuu huweza kuingia hata katika uti wa mgongo.

Siku ya tatu kule Lamu mzee aliamka mapema. Aligeuka kwa ubavu, akateremsha miguu, akajisukuma kwa mikono, akatoka barazani kutembea mpaka jua lilipopanda. Kisha alirudi ndani alipolala mtoto juu ya mkeka. Hakumwinamia. Alipiga magoti, akamvuta mpaka kifuani, ndipo akainuka naye kwa nguvu za miguu, mgongo umenyooka. Mwanawe, aliyekuwa akimtazama kwa hofu, aliuliza kama kiuno hakimwumi. Mzee alijibu kwamba chauma kidogo, lakini kimejifunza adabu. Juma lililofuata alikuwa Muhoroni, na magugu yalikuwa bado mafupi.