Mti Mkuu wa Waiyaki Way

Kila mwanafunzi wa fasihi simulizi amewahi kuulizwa maana ya methali "Mti mkuu ukianguka, wana wa ndege huyumba." Jibu linalotarajiwa ni jepesi: mti ni kiongozi au mzazi, na wana wa ndege ni wategemezi wake. Ni nadra mtahini kumtuza anayejibu kwamba mti ni mti na ndege ni ndege. Hata hivyo, mwaka wa 2020 methali hiyo ilikaribia kutimia jijini Nairobi pasipo sitiari yoyote. Barabara kuu ya kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilikuwa ikijengwa, na mugumo wa zaidi ya miaka 100 kando ya Waiyaki Way ulikuwa katika njia yake. Wananchi walilalamika, na mwezi wa Novemba agizo la Rais likaunusuru.

Tini za mugumo ni chakula cha ninga, kwezi na shorewanda, na baadhi yao hulipa deni kwa kueneza mbegu zake. Mti basi ukabaki. Kubaki kwa wageni wake ni suala jingine, kwa maana barabara haihitaji shoka ili kumfukuza ndege.

Hili lilidhihirika mbali na Nairobi, katika jimbo la Idaho, Marekani. Mwaka wa 2012 watafiti walipanga vipaza sauti kwa umbali wa nusu kilomita kwenye mgongo wa mlima usio na barabara, wakavipigisha ngurumo za magari zilizorekodiwa. Hapakuwa na lami wala moshi, wala mti uliokatwa. Ndege walipungua kwa zaidi ya robo, na baadhi ya aina zikakaribia kupahama kabisa. Ama kweli, kelele peke yake ilitosha!

Mwanaisimu huenda akavutiwa zaidi na habari za mji wa Leiden, Uholanzi. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2003 ulionyesha kwamba ndege wadogo wa huko, wanapoishi penye kelele, huimba kwa kidatu cha juu zaidi kuliko wenzao wa mitaa iliyotulia. Tuseme wana lafudhi ya barabarani. Lakini si kila ndege aliyejaliwa uwezo huo. Ngurumo ya magari ni nzito, na mwenye sauti nzito humezwa nayo; asiposikika hapati mwenzi, wala hawezi kuwaonya makinda.

Ndiyo sababu kuhesabu ndege kwa wingi wao tu hupotosha. Kunguru na shomoro wamejaa Nairobi, na korongo wakubwa wenye upara wamelala miaka mingi juu ya migunga karibu na Uwanja wa Nyayo, magari yakipita chini yao usiku kucha. Idadi inaweza kupanda huku aina zikipungua, kama kamusi nene inayorudia maneno machache.

Ninga yumo katika kamusi bado. Washairi wa mwambao wamemwita mpenzi kwa jina lake, kwa uzuri wa manyoya yake ya kijani. Darasani, mwanafunzi aliyekulia kando ya barabara kuu huinua mkono kuuliza ninga ni nini. Mhadhiri hujibu kwamba ni ndege wa jamii ya njiwa, kisha ubeti unaofuata husomwa.