Perege Hali Plastiki

Leo naweka pembeni bajeti, madiwani na foleni ya mataa ya Mianzini. Leo nataka tuongee habari ya chambo. Ndiyo, chambo, kile kitu unachotunga kwenye ndoana ili samaki adanganyike.

Najua wapo mtakaocheka. Chalii wa Terrat na uvuvi wapi na wapi? Kwa msiopajua, Terrat ni kata iliyo kusini mwa Jiji la Arusha. Kwenye makaratasi ni mjini kabisa, lakini ukishuka kwenye Hiace unapokelewa na vumbi, mahindi, punda waliobeba madumu ya maji na mbuzi wanaovuka barabara bila haraka yoyote. Mlima Meru tunauona vizuri sana, ila mvua yake inaishia kwa wenzetu wa juu kwenye migomba na kahawa. Sisi huku chini tunabaki na upepo.

Halafu kuna suala la mila. Wenyeji wengi wa huku ni Waarusha na Wamaasai, na kwa wazee wetu samaki hakuwa chakula. Chakula ni nyama, maziwa na damu, basi. Asiye na ng'ombe, anayeishi kwa kuwinda na kuokoteza, alikuwa na jina lake la dharau, iltorobo. Koko, yaani bibi yangu, mpaka leo anasema samaki ni nyoka aliyekosa mahali pa kwenda. Kwa hiyo pale nyumbani kuna sufuria moja inakaa nje, chini ya mti, na hiyo tu ndiyo inayoruhusiwa kuguswa na samaki. Ikiingia ndani, Koko anatoka.

Sasa stori yenyewe. Nina rafiki tuliyesoma naye chuo, siku hizi yuko Marekani, jimbo la Minnesota. Kule amegeuka mvuvi wa kutupwa. Anavua samaki anaitwa smallmouth bass, na anavua akiwa amesimama ukingoni, hana boti. Kila Oktoba ananitumia picha na maelezo marefu: maji yameanza kupoa, samaki wanakula kwa fujo kabla ya baridi kali, hivyo inabidi uchague chambo kinachofanana na kijisamaki au kamba wa maji baridi anayetembea kwenye mawe. Katika ujumbe mmoja akaandika kwamba "vuli" ndiyo msimu wake. Nikamwambia ndugu yangu, vuli ya huku ni mvua, na mwaka huo zilikuwa hazijanyesha hata tone.

Basi mwaka juzi akanitumia zawadi kupitia mgeni aliyekuwa anakuja kupanda Kilimanjaro. Kiboksi cha plastiki chenye vyambo bandia kumi na kimoja. Kuna vijisamaki vya rangi ya fedha vyenye macho, kuna vijiko vya chuma vinavyozunguka majini, kuna minyoo ya mpira inayonuka kama pipi. Vitu vizuri kweli. Nikavipeleka Duluti.

Ziwa Duluti liko Tengeru, kilomita kumi na kitu kutoka mjini ukienda Moshi. Ni ziwa dogo lililokaa kwenye shimo la volkano, limezungukwa na msitu, karibu kabisa na makaburi ya wakimbizi wa Kipolandi waliokaa pale tangu mwaka 1942. Eneo lote ni hifadhi, unalipa kiingilio na unafuata utaratibu. Ukikaa na waongoza wageni utaambiwa ziwa lina kina cha mita 700, na wengine watakuapia kwamba halina mwisho. Watafiti waliolipima walikuta kina cha mita 9 hivi. Kwa mtu anayevua akiwa ukingoni hii si habari ndogo, maana samaki wako hawako kuzimu, wako pale pale mbele yako.

Nilirusha vijiko, nikarusha vijisamaki, nikarusha minyoo ya mpira. Kimya. Kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye mvuvi halisi wa ukoo wetu, alikuwa amekaa pembeni na ufito wake, anafinyanga donge la ugali lililochanganywa na unga wa ngano kidogo ili lisimomonyoke majini. Mpaka saa sita mchana alikuwa ameshatoa perege watano. Akaniangalia, akasema, "Mdogo wangu, huyo samaki unamletea nyama, na yeye hali nyama."

Sentensi hiyo moja ina elimu yote. Perege, ambaye wa Kanda ya Ziwa mnamwita sato, kwa sehemu kubwa anakula vijimea vinavyoelea majini, ukoga na mabaki. Mdomo wake ni mdogo. Hana sababu ya kukimbiza kijisamaki cha fedha. Bass ni mwindaji, anameza samaki wenzake, ndiyo maana unaweza kumdanganya kwa kitu kinachong'aa na kukimbia. Ukitaka kuchagua chambo, swali la kwanza ni mlengwa wako anakula nini nyumbani kwake. Mengine yote yanafuata.

Na msidhani vile vyambo vya Marekani ni takataka. Mwaka 2023 nilipata safari ya semina Naivasha, Kenya. Si mnajua semina zetu waandishi, siku tatu za chai na vitumbua. Pale Naivasha yupo bass, si yule mdomo mdogo wa Minnesota bali ndugu yake wa mdomo mkubwa, aliyeletwa kutoka Marekani mwaka 1929. Mwaka 1970 wakaletwa na kamba wa maji baridi wenye asili ya Louisiana, na bass akawakuta wenyeji wake wa zamani, akawala. Yaani mla na mliwa wote wageni, wamekutana Bonde la Ufa! Nilimtazama mzee mmoja akirusha kijiko cha chuma kama cha kwenye kiboksi changu, akakivuta polepole, na bass akaja. Chambo kile kile, Duluti hakina kazi, Naivasha ni mfalme. (Ila kule Naivasha kuvua ukingoni kuna mwenyewe, anaitwa kiboko. Msijaribu.)

Kwa faida ya wadau watakaotaka kujaribu wikiendi, haya ndiyo niliyojifunza kwa kaka na kwa kusimama sana kwenye tope.

Moja, ndoana. Perege anataka ndogo, namba 8 au 10. Kumbuka namba ikipanda ndoana inapungua. Chubwi liwe jepesi, la kutosha tu kufikisha mshipi.

Mbili, msimu. Baridi yetu ni Juni mpaka Agosti, pale Arusha nzima inapovaa majaketi. Perege ni samaki wa joto, maji yakishuka chini ya nyuzi 20 hivi anazubaa. Kwa hiyo usijitese kwenda alfajiri. Nenda saa nne, saa tano, jua likishapasha maji ya pembeni. Donge liwe dogo kama punje ya hindi, maana hana hamu ya kufungua mdomo. Kwenye mvua za vuli mambo yanageuka. Kumbikumbi wakiruka wanaanguka majini, na hapo kumbikumbi mmoja kwenye ndoana anashinda ugali wa sherehe.

Tatu, rangi ya maji. Maji yakiwa maangavu samaki anatumia macho, hivyo mshipi uwe mwembamba, chambo kidogo, na wewe mwenyewe usisimame kama mnara wa simu. Kivuli chako kinafika kabla ya chambo. Maji yakiwa na tope, macho hayasaidii, inabidi chambo kinuke.

Nne, upepo. Mvuvi wa ukingoni hawezi kumfuata samaki, lazima asimame pale samaki anapoletewa chakula. Upepo unasukuma vijimea na wadudu upande mmoja. Simama upande unaopigwa, hata kama unakula vumbi.

Tano, wakati mwingine hakuna chambo kitakachofaa. Mama perege wa jamii zetu nyingi anaatamia mayai mdomoni, na muda wote huo hali. Umempelekea ugali, mkate, nyambo, anakutazama tu. Ana watoto mdomoni, atafunguaje?

Hii ya tano ndiyo inanileta kwenye jambo lililonifanya niandike leo.

Kaka yangu alikuwa mpagazi, kazi ya kubeba mizigo ya wageni mlimani. Mwaka 2020 wageni walipokatika kwa ajili ya Korona, kazi ikafa mchana kweupe. Wageni walirudi baadaye, lakini goti lake halikurudi. Ndipo akaanza kuvua, na si Duluti, maana Duluti ni kwa kiingilio na starehe. Anavua kambale kwenye lambo la mifugo huku kusini, anawauza kwa mama mmoja anayekaanga samaki mjini. Kambale hana haja ya kiboksi cha Minnesota. Anakula usiku, anatafuta kwa sharubu na pua, na chambo chake ni utumbo wa kuku uliolazwa juani siku moja. Unapewa bure kwa wachinja kuku, ila ukiupandia kwenye Hiace utashushwa.

Sasa kwenye lambo lile wamekuja vijana na chandarua. Chandarua hakichagui chambo. Wanaingia wawili, mmoja kila upande, wanakokota, na kinachotoka ni kila kitu, kambale wa kidole, perege wa ukubwa wa sarafu, na wale mama wenye watoto mdomoni. Wanauza kwa bakuli. Nyingine za hizo ni vyandarua vyenye dawa, na dawa ile inayoua mbu ni sumu kwa samaki pia. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake za mwaka 2009 zinakataza nyavu za namna hiyo, lakini lambo la mifugo nani analilinda?

Mwezi wa saba kaka alinipigia simu. Hakuuliza habari za kazi. Akasema moja kwa moja, "Wenzangu wanapata ndoo, mimi napata wanne. Watoto wanarudi shule wiki ijayo. Nikichukua na mimi chandarua utaniandika gazetini?"

Nikakaa kimya. Mimi nina mshahara, mdogo lakini upo. Navua siku nisipokuwa zamu, na nisipopata kitu nanunua chipsi. Ni rahisi sana kumhubiria hifadhi mtu ambaye samaki wanne ndio ada. Nikamwambia, "Siwezi kukuandika kaka. Ila lambo likiisha, utavua wapi?" Akasema, "Na watoto wakifukuzwa shule, watasomea wapi?" Akakata simu.

Jumamosi nilikwenda. Tulikaa kwenye ukingo wa lambo mpaka usiku, tukabadilisha mambo mawili. Badala ya ndoana moja tukatega kamba ndefu yenye ndoana ishirini, kubwa, namba 1/0, ambazo kambale mdogo hawezi kuzimeza. Na badala ya kusubiri na ufito, tukaacha kamba ilale majini mpaka alfajiri. Chambo ni utumbo ule ule, ila tuliufunga kwa uzi, maana ukilainika unachomoka. Asubuhi tulitoa kambale saba, mmoja urefu wa mkono wangu. Ndoo haikujaa. Lakini kambale mkubwa mama wa mjini ananunua kwa bei nzuri, wakati vidagaa vya chandarua anavikataa.

Saba si jibu la umaskini, naomba nieleweke. Wiki iliyofuata alipata watatu, iliyofuata tisa. Watoto walirudi shule, nusu ya ada ikiwa imelipwa. Wale vijana bado wanakokota, na kila nikienda naona maji yametulia zaidi, utulivu wa maji yasiyo na kitu ndani. Nimeshaongea na mwenyekiti wa mtaa. Kasema wazo zuri, liletwe kwenye mkutano. Mkutano haujaitwa.

Kile kiboksi bado ninacho. Nilimwonyesha Koko, akashika kijisamaki cha fedha, akakigeuza, akaona ndoana tatu zilizofichwa tumboni. Akauliza, "Na huyu wa plastiki mnakula?" Nikamwambia hapana Koko, huyu ni wa kumdanganya yule mwingine. Akanirudishia, akasema kwa Kimaa kitu ambacho kwa Kiswahili ni kama hivi, kwamba ng'ombe haitaji kudanganywa ili akulishe.

Sikuwa na jibu. Ila kaka hana ng'ombe, wadau. Ana ndoana ishirini na utumbo wa kuku, na lambo ambalo sijui litafika mvua za masika na samaki wangapi. Mwenye njia ya kuwafanya wale vijana waache chandarua bila kuwaacha na njaa, anifikishie. Naomba kuwasilisha.