Kwenda Tumbi na mguu usiouma

Kisarawe na Kibaha ni wilaya jirani za mkoa mmoja wa Pwani, lakini sisi wa daladala hatuna njia ya mkato. Unateremka vilima vya Pugu hadi Gongo la Mboto, unabadili gari, unabadili tena Mbezi, ndipo unaishika barabara ya Morogoro kuelekea Maili Moja. Hivyo ndivyo nilivyompeleka mpwa wangu hospitali ya Tumbi kwa mara ya kwanza.

Kijana alizaliwa na mgongo wazi. Alifanyiwa upasuaji Muhimbili akiwa mchanga, akakua, akasoma, na leo anatembea kwa kuyumba kidogo tu. Ila mishipa ya fahamu ya miguu iliharibika tangu tumboni, na nyayo zake zina ganzi. Kisigino cha kulia kina kidonda ndugu. Mtaani wameshasema ametupiwa, na dawa za kila namna zimepakwa.

Gongo la Mboto tulipanda Coaster iliyojaa. Konda akamwonea huruma: "Dogo, njoo ukae huku mbele." Akamweka karibu na injini. Abiria wa pembeni alikuwa amekunja miguu kukwepa joto. Mpwa wangu alikuwa amevua raba, miguu ameiegemeza kwenye bati, macho kwenye simu. Nikaligusa lile bati, nikaurudisha mkono haraka.

"Toa mguu, unaungua!"

"Mjomba, mbona sisikii kitu?"

Ubavu wa unyayo ulikuwa umeshaanza kutoa lengelenge. Mtu mwingine angeruka mara moja.

Tumbi daktari hakuanza na kidonda. Alitaka raba. Akaingiza mkono ndani, akapapasa mpaka kwenye vidole, akatoa kizibo cha kalamu. Kijana alikuwa amekikanyaga tangu nyumbani. Kisha akachukua kisu kidogo, akachonga sugu nyeupe iliyozunguka kidonda kama ukingo wa sahani. Damu ikatoka, na mgonjwa akaendelea kuniuliza habari za mpira. Mimi ndiye niliyegeuza uso.

"Dawa mnapaka, lakini anaikanyaga," daktari alituambia. Kidonda cha namna hii hupona kikiondolewa uzito: kwa magongo, au kwa plasta ngumu inayoukumbatia mguu mzima na kugawa mzigo. Akaandika picha ya eksirei, maana usaha ukifika kwenye mfupa habari huwa nyingine kabisa.

Jambo lenyewe si geni. Daktari Paul Brand, aliyeanza kazi Vellore, India, mwaka 1946, alionyesha kwamba miguu ya wagonjwa wa ukoma haikuwa ikioza yenyewe. Ilijeruhiwa kwa kukosa uchungu wa kuionya. Wenye kisukari nao wako njia hiyo hiyo. Kwa hiyo hayo ya kutupiwa mimi nimeyafuta.

Mwenye mguu wa ganzi nyumbani kwake, basi, aukague kila jioni, hadi katikati ya vidole. Asiyeuona unyayo wake atumie kioo au amwombe mtu. Kiatu kipapaswe ndani kabla ya kuvaliwa. Maji ya kuoga yapimwe kwa kiwiko. Na kwenye gari, asikubali siti ya karibu na injini hata akipewa kwa heshima.