Uzee si Jina la Ugonjwa

Waswahili husema kuwa utu uzima dawa. Methali hii huusifu umri kwa hekima inayoandamana nao, na katika mji wa Merti, Kaunti ya Isiolo, si rahisi kumpata wa kuipinga. Waborana wa bonde la Ewaso Nyiro huwasikiliza wazee wao katika masuala ya visima, malisho na suluhu. Hata hivyo, umri uo huo unaomletea mzee heshima barazani huweza kumnyima tiba hospitalini. Aanzapo kukohoa, kukonda na kuishiwa pumzi, jamaa humliwaza: "Babu, huo ni uzee tu." Kikohozi kikizidi hudhaniwa kuwa kifua kikuu, kwani dalili za maradhi hayo hufanana mno na za saratani ya mapafu. Miezi hupita, na miezi ndiyo mali ya mgonjwa wa saratani.

Je, uzee una mchango gani katika maradhi haya? Seli za mwili hugawanyika maishani mwote, na kila zigawanyikapo, makosa madogo huweza kuingia katika vinasaba. Moshi wa tumbaku huyazidisha makosa hayo. Moshi wa kuni za jikoni nao uliwekwa na shirika la IARC, katika ripoti ya mwaka 2010, miongoni mwa mambo ambayo yamkini husababisha saratani kwa binadamu. Isitoshe, kinga ya mwili hudhoofika kadiri miaka inavyosonga. Ndiyo maana nchini Marekani, kwa mfano, mgonjwa wa saratani ya mapafu hugunduliwa akiwa na umri wa wastani wa takriban miaka 70.

Lakini umri hauna sura moja. Wanasayansi wa Memorial Sloan Kettering Cancer Center walionyesha katika jarida la Nature, Desemba 2024, kwamba seli-shina za mapafu ya panya wazee hupungukiwa na uwezo wa kuzaliana upya, hivyo uvimbe hukua kwa shida kuliko katika panya vijana. Protini iitwayo NUPR1 huongezeka uzeeni na kuzifanya seli hizo ziishi kana kwamba zimekosa madini ya chuma. Hapa tunajifunza kwamba mwili wa mzee si mwili wa kijana uliochakaa tu. Una kanuni zake, na dawa iliyojaribiwa kwa vijana haiwezi kudhaniwa kuwa itatenda vivyo hivyo kwake.

Hiyo si hoja ya kumnyima mzee tiba, la hasha. Ni hoja ya kumpima vyema. Kipimo cha dawa ya carboplatin hukadiriwa kwa kuangalia utendaji wa figo, wala si kwa kuhesabu miaka. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2011 uliwahusisha wagonjwa wa miaka 70 hadi 89 wenye saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa. Nusu ya waliopewa dawa mbili kwa pamoja waliishi zaidi ya miezi 10.3, kwa waliopewa dawa moja, ilikuwa miezi 6.2, ingawa madhara yalikuwa makali zaidi kwa kundi la kwanza. Hata kuacha sigara hakuna uzee: Richard Doll na wenzake walibainisha mwaka 2004 kuwa aachaye akiwa na miaka 60 hujipatia takriban miaka mitatu ya ziada.

Kwa mzee wa Merti, elimu hiyo iko mbali. Kuna zaidi ya kilomita 200 hadi Isiolo mjini, na nyingine zaidi ya 250 hadi Nairobi. Mifugo itauzwa, na kijana mmoja ataacha kazi amsindikize. Mbele ya daktari, kijana huyo ndiye atakayekuwa mkalimani kati ya Kiswahili na Kiborana. Aghalabu neno saratani humshinda kinywani. Husema "kidonda cha kifua", akidhani amemhurumia babu yake. Kumbe amemwondoa katika shauri la maisha yake mwenyewe. Mzee aliyeamua kesi za watu wengi huamuliwa yake bila kusikilizwa.

Yamkini mzee, akielezwa ukweli wote, atachagua kurudi nyumbani akae na mifugo na wajukuu. Hiyo ni haki yake, na haina aibu. Lakini hawezi kusemwa kuwa amekataa yule ambaye hakuulizwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na mwenye kuficha mara nyingine si mgonjwa, bali ni ndimi za wampendao. Wanaojifunza lugha wana wajibu hapa: kuyapa maradhi majina yake, kwa upole na kwa ukamilifu, ili neno "uzee" libaki kuwa jina la umri, lisiwe jina la ugonjwa.